Toba ya Mama Mchungaji

Kanisa lilikuwa na benchi moja lisilo na egemeo. Lilikaa nyuma kabisa, karibu na mlango, mahali ambapo vumbi la barabara ya Mwamapalala na mbuzi wa watu huingia bila hodi. Lilikuwa benchi la waliotengwa: binti aliyepata mimba akiwa bado kwa baba yake, mwanamume aliyeongeza mke wa pili, mzee aliyefumwa kilabuni. Ukikaa pale hupewi Meza ya Bwana, huimbi kwaya, na ukifa kabla hujatubu mchungaji haji kukuzika. Mwaka wa pili tangu makampuni ya watu binafsi yaruhusiwe kununua pamba, alikalishwa pale mtu ambaye hakuna aliyemdhania. Alikuwa mke wa mchungaji mwenyewe.

Jina lake Milembe, ingawa kwa miaka kumi na tisa hakuna aliyelitumia. Waumini walimwita Mama Mchungaji, mumewe alimwita Mama Lucy, na wake wa wazee wa kanisa walipokuwa peke yao walimwita majina mengine yasiyofaa kuandikwa. Kosa lake, kwa mujibu wa baraza la wazee, ni kwamba amezini na Tajudin, mwenye duka la nguo pale Bariadi mjini. Milembe hakuwa amezini na Tajudin wala na mtu mwingine yeyote. Hilo tuliseme mapema, ili msomaji naye asije akaanza kumtazama kwa jicho la Elina.

Elina tutamfikia. Kwanza tuseme mama mchungaji ni mtu gani, maana wako wanaodhani ni mwanamke aliyebahatika. Mama mchungaji ni mwanamke aliyeolewa na watu mia tatu kwa siku moja, na mmoja tu kati yao ndiye aliyetoa ng'ombe. Nyumba anayolala ni ya kanisa, kwa hiyo waumini huingia mpaka jikoni na kufunua sufuria. Akipika nyama, sadaka zinaliwa. Akipika mlenda, anamwaibisha mchungaji mbele ya wageni. Akivaa kitenge kipya ana tamaa, akivaa cha zamani ni mchafu. Msibani asipolia hana huruma, na akilia sana hana imani. Miaka ile ya ruksa kila mwanamke mwenye miguu miwili alikuwa anauza kitu: huyu mitumba, yule dagaa, mwingine sabuni kutoka Kenya. Milembe naye akapanga mafungu manne ya nyanya mbele ya nyumba. Kabla ya adhuhuri baraza lilikuwa limekaa kikao na kuandika kwamba mke wa mtumishi wa Mungu hachuuzi. Akazigawa bure zile nyanya, na Elina alichukua mafungu mawili.

Huyo Elina alikuwa mke wa Jilala, mwenyekiti wa wazee wa kanisa, na yeye mwenyewe alikuwa mwenyekiti wa akina mama. Alikuwa na sauti pana. Akikusalimia tu, "Mwangaluka, mayo," unajikuta unajieleza ulikotoka. Zamani, Fredrick Masalu alipoletwa pale akiwa mchungaji kijana asiye na mke, Elina alikuwa amemwandaa mdogo wake wa kike, amemfundisha kupika na kusoma masomo ya Jumapili kwa sauti. Fredrick akaenda zake kumwoa Milembe binti Mihayo kutoka kijiji kingine. Kwa miaka kumi na tisa Elina alikula kwenye meza ya Milembe kila wiki, na kinyongo chake hakikupungua hata punje moja.

Milembe aliyavumilia yote hayo kwa sababu moja. Aliamini kwamba siku yatakapomfika shingoni, Fredrick atasimama upande wake.

Mwaka huo mwangalizi wa wachungaji wa wilaya nzima, mzee Kristofa, alikuwa anajiandaa kustaafu. Ilisemekana atapita mwenyewe makanisani kumtafuta wa kumrithi, na majina yaliyotajwa yalikuwa mawili: Fredrick, na mchungaji mmoja wa Ipililo. Usingizi ukamhama Fredrick. Akiota paka, anasema katumwa kutoka Ipililo. Akikohoa, ni Ipililo. Mwisho akapanda baiskeli yake akaelekea upande wa Shishiyu, akasema anakwenda kumwona mgonjwa. Alirudi jioni na kipande cha mzizi mfukoni na masharti kichwani.

"Si ushirikina, Mama Lucy," alisema, macho yake yakiwa kwenye spoku za baiskeli. "Ni dawa ya miti tu. Hata Musa alikuwa na fimbo."

"Musa alipewa fimbo yake na nfumu wa Shishiyu?"

"Usinidhihaki. Ninaandamwa."

Mganga, huyo nfumu, alitaka kaniki nyeusi isiyo na mstari na shanga nyeupe saba. Sharti lake ni kwamba vinunuliwe na mke, na mke huyo asionekane na mtu wa imani yake, la sivyo dawa inalala. Milembe alikataa siku mbili. Siku ya tatu Fredrick alimpigia magoti, mtu mzima, kwenye sakafu ya jikoni, na mwanamke aliyelelewa vizuri hawezi kumtazama mumewe akiwa chini namna ile. Akaenda. Kwa sababu ya lile sharti hakupita mbele ya duka la Tajudin, penye wateja wa msimu wa pamba. Alipita uani. Rehana, mke wa Tajudin, alimkaribisha ndani, akampimia kaniki, akamhesabia shanga, akampa na chai ya tangawizi. Tajudin mwenyewe alikuwa kaunta muda wote na hakumwona hata kisigino.

Wakati wa kutoka, Milembe alichungulia kushoto na kulia kama mwizi wa kuku, kitu kimetuna chini ya khanga. Ng'ambo ya barabara alikuwa amesimama Elina na dumu la mafuta ya taa. Hakuna aliyemsalimia mwenzake.

Jumamosi ya wiki hiyo Milembe alifumua pindo la joho jeusi la mumewe, upande wa kushoto chini, akaushona humo ule mzizi uliofungwa kwenye kaniki pamoja na shanga zake. Nyeusi juu ya nyeusi, hakuna jicho ambalo lingeona.

Wiki mbili baadaye akaitwa kwenye baraza. Elina alitoa ushahidi wake kwa utulivu mkubwa, akiongeza kidogo kila mahali, mpaka Milembe mwenyewe nusura amwone huyo mwanamke mzinzi akitoka uani huku akifunga khanga. Jilala akauliza, "Mama Mchungaji, ulifuata nini mlango wa nyuma wa nyumba ya mtu?"

Milembe alimtazama mumewe, aliyekuwa ameketi kwenye kiti chake cha uchungaji. Neno moja lingetosha. Angesema "Nilimtuma mimi," hata bila kueleza alimtuma nini, na shauri lingekwisha pale pale. Fredrick alikuwa anafunua kurasa za Biblia, mbele na nyuma, kama anayetafuta mstari uliohamishwa. Milembe angeweza kusema mwenyewe, lakini mama yake alimfunda kwamba mke hamvui mumewe nguo mbele ya wanaume wenzake. Kwa hiyo alimngoja ajivue.

"Baraza liamue kama Roho atakavyoliongoza," alisema Fredrick.

"Mwiteni Rehana," Milembe akasema. "Nilikuwa naye ndani muda wote."

"Baraza hili haliwezi kuongozwa na ushahidi wa wasiomjua Mwokozi," Jilala akajibu, na mwandishi akaandika kwamba ametengwa.

Nyumbani Fredrick alifunga mlango na madirisha, kisha akaanza kuongea haraka haraka. Mwangalizi anakuja mwezi wa nane. Akisema ukweli amekwisha, na akiisha yeye wameisha wote, nyumba imekwenda, ada ya Lucy shuleni Maswa imekwenda. Mwanamke akianguka watu husamehe. Kinachotakiwa ni kutubu tu, siku hiyo hiyo ya Mwangalizi.

"Nitubu uzinzi?"

"Maneno tu, Mama Lucy. Nitakuandikia. Na unajua desturi, aliyekosewa ndiye anayempa mkono wa kwanza mwenye kutubu. Nitashuka madhabahuni mbele ya Mwangalizi, nikupe mkono wangu. Hakutakuwa na jicho kavu. Wataona mchungaji wao ana moyo wa namna gani."

Uso wake ulikuwa umechangamka alipoyasema hayo. Milembe akaelewa kwamba mume wake hajapatwa na balaa hata kidogo. Amepata ngazi, na ngazi yenyewe ni yeye Milembe, alazwe chini akanyagwe. Hapo ndipo alipoanza kumchukia. Alimchukia vizuri, kwa subira, kama mtu anavyochambua pamba.

"Niandikie," alisema.

Alikaa kwenye benchi Jumapili saba. Wake wa wazee walipokuwa wakiingia walikunja khanga zao wasimguse. Kisimani ndoo yake ikawa ya mwisho. Kaka yake alikuja kwa miguu kutoka nyumbani kwao, akakataa kuketi, akauliza kama ukoo wa Masalu utadai ng'ombe wao, maana baadhi ya ng'ombe hao wadogo zake walishawatoa kuolea. Kisha ikaja barua ya Lucy kutoka bweni. Ilikuwa na mstari mmoja baada ya salamu: "Mama, wanayosema ni kweli?" Milembe aliisoma jikoni, akamwonyesha mumewe. Fredrick alisema mtoto aambiwe asikilize masomo yake. Milembe hakulia. Aliirudisha barua kwenye bahasha, na chuki yake ikanenepa.

Kwenye lile benchi alikuwapo binti mmoja, Kulwa, mwenye mimba ya miezi sita. Ndiye pekee aliyesogea siku ya kwanza akampisha nafasi, akasema, "Kaa huku, mayo, kule kuna msumari." Jumapili ya nne zamu ya Kulwa kutubu ikafika, na Milembe alitazama mambo yote kama anayafundishwa upya, ingawa sheria zile zilitungwa na mumewe mwenyewe. Miaka ya nyuma mzee mmoja alikuwa amemzomea binti aliyetubu mpaka akazimia. Tangu hapo Fredrick akaweka utaratibu na kuubandika ukutani: anayetubu ataje dhambi yake na aliyeshirikiana naye, kwa majina, na mtu yeyote asimkatize mpaka aseme Amina. Kulwa alimtaja mwalimu wa kwaya. Mwalimu wa kwaya alikuwapo. Alifungua kinywa, akakumbuka utaratibu, akakifunga, na kwenye ibada ya jioni ile ile akahamia benchi la nyuma. Alikaa karibu na Milembe, akakaa juu ya ule msumari, na Milembe hakumwambia.

Kimya kingi kina mshindo mkuu, wahenga walisema. Fredrick alikuwa mhubiri mzuri lakini wahenga hakuwasikiliza.

Jumapili ya Mwangalizi ikafika. Kanisa lilijaa mpaka madirishani, watu wa madhehebu mengine nao wamekuja kumwona mama mchungaji akitubu, maana habari ilikuwa imefika mpaka gulioni. Mzee Kristofa alikuwa mfupi, mkavu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Fredrick alisimama katika joho lake jeusi lililopigwa pasi na Milembe, akasema kwa sauti ya chini kwamba leo nyumba yake inajisafisha, na kwamba yeye kama mume ameshasamehe moyoni. Mtu mmoja upande wa akina mama alianza kupenga kamasi. Elina alikuwa benchi la mbele kabisa, amevaa nguo mpya, mikono imetulia mapajani kama mtu aliyealikwa harusini.

Milembe alitoka nyuma akapita katikati. Hakuinamisha kichwa, jambo lililowaudhi wengi. Alikuwa ameshika karatasi, na alipofika mbele aliikunjua, akaiweka juu ya meza mbele ya Mwangalizi.

"Mimi ni Milembe binti Mihayo," alisema. "Mmenitenga kwa kuzini na Tajudin. Karatasi hii nimeandikiwa niisome, na mwandiko wake mnaufahamu, ndio ulioko ukutani pale. Sitaisoma, kwa sababu dhambi hiyo sikuifanya, na mtu hatubu kwa uongo."

Jilala alisimama. "Mama, hatukukuita hapa uje—"

"Hajasema Amina!"

Ilikuwa sauti ya Kulwa, kutoka upande wa akina mama, tumbo likimtangulia. Watu wakageuka. Kisha mwingine akasema, na mwingine, mpaka waliokuwa madirishani nao wakasema, hajasema Amina. Mwangalizi Kristofa aliutazama utaratibu ulioko ukutani, akausoma wote bila haraka, akamwashiria Jilala aketi.

"Ninazo mbili za kweli," Milembe akaendelea. "Ya kwanza ni ya msimu uliopita. Nilibeba ndoo sita za maji nikaimwagia pamba ya shamba la akina mama ili iwe nzito kwenye mizani ya kampuni. Tulitia na mchanga katikati ya magunia. Aliyeshirikiana nami ni Elina, mke wa Jilala. Ndiye aliyeagiza, na ndiye aliyechota mchanga. Akasema kampuni zenyewe wezi, na mama mchungaji akikataa atakuwa anajifanya mtakatifu kuliko wenzake. Pamba hiyo ndiyo iliyonunua mabati yaliyo juu ya vichwa vyenu. Natubu."

Waumini wote waliinua macho wakayatazama mabati. Elina naye aliyatazama, kisha akatazama miguu yake, na ile mikono iliyotulia ikaanza kutafuta pa kwenda.

"Ya pili." Sasa alimgeukia mumewe. Alitaka amwone usoni wakati wa kusema, na alimwona. "Nilikwenda kwa Tajudin mlango wa nyuma kununua kaniki na shanga saba, kwa sababu mganga aliweka sharti nisionekane. Aliyekwenda kwa mganga ni mume wangu, Fredrick Masalu, ili apate kiti cha Mwangalizi na kumwangusha mchungaji wa Ipililo. Ndiye aliyenituma. Alijua nilikokwenda, na alikaa kwenye baraza akanyamaza mkinihukumu. Dawa yenyewe niliishona kwa mkono wangu kwenye pindo la joho lake, kushoto, chini. Ndilo alilovaa. Natubu kwamba nilishona. Amina."

Kuku wa mtu alipita mlangoni akilia, na hakuna aliyemfukuza.

"Mwangalizi," Fredrick alisema, na ile sauti yake nzuri ilikuwa imekatika vipande, "mke wangu tangu haya yamtokee akili yake haijatulia—"

"Vua joho," akasema mzee Kristofa.

"Mwangalizi, mbele ya watu?"

"Yeye alivuliwa mbele ya nani?"

Fredrick akavua. Chini alikuwa na shati lililolowa jasho mpaka kiunoni. Mzee alilipokea lile joho, akalipapasa pindo taratibu kwa vidole vyake vikavu, vikasimama mahali pamoja. Akaomba wembe. Mshono ulikuwa imara, maana Milembe alikuwa mshonaji mzuri, na ilichukua muda. Kilipotoka kile kifurushi cheusi kilifunguka mkononi mwa mzee, na shanga nyeupe zikadondoka kwenye saruji, zikabingirika mpaka miguuni mwa wazee wa kanisa. Nao wakainua viatu vyao wote kwa pamoja.

Mwangalizi hakuhubiri siku hiyo. Aliuliza ni nani aliyekosewa na mwanamke huyu, aje ampe mkono. Hakuna aliyejitokeza. Akashuka mwenyewe akampa. Kisha akaandaa Meza ya Bwana, akamwita Milembe awe wa kwanza, yeye ambaye kwa miaka kumi na tisa alikula wa mwisho kila mahali. Fredrick alitembea katikati ya watu kwenda nyuma, na Elina akamfuata, kwa sababu Jilala alimwonyesha njia kwa kidevu bila kumtazama. Mkate wa Bwana ulikuwa mkavu, wa juzi. Milembe hakuwahi kula kitu kitamu namna ile, na utamu huo hakuutubu, wala hajautubu mpaka leo.

Walipewa mwezi mmoja kuiacha nyumba. Siku ya tatu Fredrick, akiwa anafunga vitabu vyake kwa kamba ya katani, aliuliza, "Umefurahi?"

"Nimefurahi," Milembe alijibu, akaendelea kukunja mapazia.

Walipanga vyumba viwili karibu na gulio. Milembe alianza na nyanya, akafuata vitenge kutoka kwa Rehana, na hakuna kikao kilichokaa, kwa kuwa hakuwa tena mke wa mtumishi yeyote. Lucy aliandikiwa barua ndefu, yenye kila kitu ndani yake, na barua yake ya kujibu ilikuwa na madoa ya machozi. Fredrick alilima kibarua cha pamba kwa watu aliowabatiza. Milembe alimpikia, alimfulia, alimwandalia maji ya kuoga. Hakumpunguzia chochote isipokuwa mazungumzo.

Lakini jambo moja lilibaki. Elina alitubu mwezi wa kumi, akataja maji na mchanga, akapewa mkono. Kuhusu aliyomzushia Milembe hakugusa. Katika kitabu cha baraza neno uzinzi lilikuwa bado limeandikwa mbele ya jina la Milembe, bila mstari juu yake, na gulioni walikuwapo wanaume waliomkonyeza wakati wa kununua nyanya. Watu walikuwa wamepata hadithi mbili tamu badala ya moja, na hawakuona sababu ya kuitupa ya kwanza.

Fredrick alitubu Jumapili ya pili ya mwezi wa kumi na mbili, mbele ya mchungaji mpya, kijana mwenye aibu. Ilipofika zamu yake alisimama, na ile sauti ikamrudia. Alitubu kwa Mungu aliyemwita tangu ujana. Alitubu kwa kanisa, kwa joho alilolinajisi, kwa Mwangalizi aliyemdanganya. Alitubu kwa mchungaji wa Ipililo, ambaye sasa ndiye Mwangalizi. Alimtaja mganga kwa jina. Alieleza usiku aliokesha, na paka aliowaota, na jinsi kiburi kinavyoanza kidogo kama mbegu ya pamba. Wanawake walilia. Jilala alilia. Mchungaji mpya alivua miwani akaifuta. Fredrick akasema Amina, na machozi yake yalikuwa ya kweli, hilo tusimnyime.

"Ni nani aliyekosewa?" akauliza mchungaji mpya, na kanisa lote likamgeukia Milembe.

Alisimama. Akina mama wakaguna kwa furaha na wengine wakaanza kutafuta wimbo. Alitembea mpaka mbele, akasimama hatua moja kutoka kwa mumewe. Fredrick alinyoosha mkono. Ulikuwa umepasuka kwa jembe, na Milembe aliutazama, akamwonea huruma kidogo, kwa sababu ni mkono aliokuwa ameufahamu tangu alipokuwa msichana. Wa kwake aliuacha chini ya khanga.

"Amemtaja Mungu," alimwambia mchungaji mpya, kwa sauti iliyofika mpaka madirishani. "Ametaja kanisa, Mwangalizi, mganga, na paka. Miezi miwili niliitwa malaya humu ndani, na nje naitwa mpaka leo, na yeye tangu siku ya kwanza anajua si kweli. Hilo halimo katika aliyoyasema. Mwacheni akalikumbuke kwanza. Mimi sina haraka."